Duka la vipuri lililowapunguza wajuzi wake: tathmini kutoka Malindi

Tathmini hii inahusu tawi la Malindi la kampuni moja inayouza vipuri vya magari, pikipiki na tuktuk, ambayo makao yake makuu yako Mombasa. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa baadhi ya waliopoteza kazi hapo bado wanafuatilia haki zao, na sipendi maandishi yangu yageuzwe kuwa hoja katika shauri la mtu mwingine. Mafundi wa mji huu watalitambua duka lenyewe bila taabu. Ninaandika nikiwa mwenye gereji ambaye kwa miaka mingi amenunua hapo karibu kila kitu, kuanzia filta za oili hadi klachi za matatu, na ambaye angependa kuendelea kununua hapo. Maoni yangu kwa ufupi ni haya: bidhaa zao sasa ni nzuri kuliko zamani na bei ya baadhi ya vitu imeshuka kidogo, lakini huduma imeporomoka, na kilichoiporomosha ni namna kampuni ilivyopunguza wafanyakazi mwaka uliopita.

Ili msomaji aelewe uzito wa jambo hili, ni lazima ajue magari yetu ni ya namna gani. Gari la mtumba likiingia Kenya halitakiwi kuwa limezidi umri wa miaka 8, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia tena miaka, na hapa Malindi ni jambo la kawaida kukuta Probox au Hiace iliyokwisha kuuzwa mara kadhaa, ikabadilishwa injini, na chini yake ikawa imefungwa vipuri vya gari jingine kabisa. Juu ya uzee huo kuna mazingira. Hewa ya bahari hula chuma usiku na mchana. Malori yanayobeba chumvi ya Gongoni na Marereni huja gereji yakiwa na mabomba ya breki yaliyotoboka kwa kutu. Magari ya watalii yanayokwenda Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala hurejea na shokomzoba zinazovuja. Na tuktuk za mjini hukanyaga mchanga wa vichochoro tangu alfajiri. Kwa hiyo mteja anayefika kaunta mara nyingi hajui jina la kitu anachokitafuta. Ana kipande kilichovunjika mkononi na anahitaji mtu wa kukitambua. Utambuzi huo ndio uliokuwa sifa ya duka hili, na ndio uliowafanya mafundi wa Watamu, Mambrui na hata Mpeketoni walipitie kwanza kabla ya kufikiria safari ya Mombasa.

Nitaeleza kwa mfano wa beringi, yaani zile pete za chuma zenye gololi zinazofanya shafti izunguke kwa wepesi, kwa sababu hapo ndipo ujuzi huo ulipoonekana waziwazi. Beringi huandikwa namba yake pembeni, lakini ile iliyotafunwa na kutu namba haisomeki tena. Mzee aliyesimamia kaunta hiyo aliipokea ikiwa imefungwa kwenye kitambaa chenye grisi, akaifuta kwa kidole gumba, akaingiza vernia yake, kile kipimio chenye taya kinachosoma milimita, ndani ya tundu, kisha akapima kipenyo cha nje na unene. Ikisoma milimita 25 ndani, 52 nje na 15 unene, hakuwa na haja ya kuuliza imetoka kwenye chombo gani. Hiyo ni 6205, kwa sababu katika beringi za jamii hiyo tarakimu mbili za mwisho zikizidishwa kwa 5 hutoa kipenyo cha tundu, na kanuni hiyo inashika tangu 04 kwenda juu. Baada ya hapo ndipo alipouliza, “Inafanya kazi wapi, fundi?” Ukimjibu kwamba ni ya tuktuk inayochukua samaki ufukweni, alikuletea ile yenye sili za mpira pande zote mbili, inayoandikwa 2RS, na akakukataza ile yenye vifuniko vya bati, inayoandikwa ZZ, kwa sababu bati haligusi pete ya ndani na mchanga pamoja na maji ya chumvi hupenya kwenye mwanya uliobaki. Bei zake zilikaribiana. Tofauti yake ilikuwa ni kurudi gereji baada ya wiki chache au baada ya mwaka.

Upande wa Toyota, mwenzake alikuwa hodari vivyo hivyo. Namba ya kipuri cha Toyota kwa kawaida ina sehemu mbili za tarakimu tano tano, na zile tano za kwanza hueleza aina ya kipuri: 04465 ni brekipedi za mbele, 04466 ni za nyuma, 90915 ni filta ya oili. Yeye alizishika kichwani. Jambo kubwa zaidi ni kwamba alijua pia mahali namba hizo zinapodanganya, yaani pale ambapo kitabu kinasema gari hili lina kipuri hiki lakini gari lenyewe limeshafungwa kingine. Probox ya mwaka 2002 na ile iliyoundwa upya mwaka 2014 zote huitwa Probox na wenyewe, na dereva anayetumwa dukani hana habari ya tofauti yake. Bwana yule alitoka nje ya kaunta, akainama chini ya gurudumu na tochi ya simu, akarudi na jibu. Sikumbuki kuambiwa nirudishe kitu alichonichagulia.

Mwaka uliopita makao makuu yalitangaza mpangilio mpya. Akiba kubwa ya vipuri ilihamishwa kwenda ghala la Mombasa, tawi likabakiwa na vile vinavyouzwa kila siku, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Malindi wakapewa barua. Walioondoka karibu wote walikuwa ni wale wa siku nyingi: mzee wa beringi, bwana wa Toyota, mama aliyeijua stoo kuliko aliyeijenga, na msimamizi aliyekuwa akipokea simu za wateja wa mbali. Waliobaki ni vijana wawili wa kaunta, keshia, mlinzi na meneja. Mahali pa walioondoka pamewekwa kompyuta yenye mfumo wa kutafutia vipuri, na agizo lisilopatikana Malindi huletwa na gari la mizigo siku inayofuata, au siku ya pili yake kama liliingia baada ya saa tisa alasiri.

Vijana hao wawili siwalaumu hata kidogo. Ni wapole, wanafanya kazi kwa bidii, na hawakupewa hata muda wa kukaa kando ya wazee wale ili wajifunze. Nilikuwepo siku moja asubuhi kijana wa gereji ya jirani alipoleta beringi iliyokufa. Dada wa kaunta akamwomba namba ya chesisi. Kijana akasema hana. “Kaka, bila chesisi mfumo haunifungulii,” dada akasema, na alikuwa akisema kweli. “Lakini dada, hii si ya gari,” kijana akajibu, “ni ya mashine ya kusaga mahindi.” Wote wawili wakabaki wakitazamana. Kwenye rafu iliyo nyuma ya dada huyo zilipangwa boksi za beringi, na miongoni mwake zilikuwamo 6205 ambayo kijana yule alikuwa akiihitaji. Vernia haikuwepo dukani, kwa sababu ile iliyokuwa ikitumika ilikuwa mali ya mzee mwenyewe, naye aliondoka nayo. Nilimwonyesha dada boksi, akauza, akanishukuru. Nilitoka pale nikiwa na uchungu, kwa kuwa duka lililojaa bidhaa lilikaribia kumrudisha mteja mikono mitupu.

Makosa ya aina nyingine ni ya gharama zaidi. Mfumo hutafuta kwa namba ya chesisi, na chesisi hueleza gari lilivyotoka kiwandani. Hausemi kitu juu ya injini iliyobadilishwa Kisauni, Mombasa, au ekseli iliyotolewa kwenye gari jingine. Gereji yangu imepokea klachi ambayo meno yake ya kati hayaingii kwenye shafti ya giaboksi, brekipedi pana kuliko kaliba inayozishika, na bolijointi, kile kiungio cha gurudumu, ambayo shingo yake ilikuwa nene kuliko tundu la mkono inamofungwa. Kila mara chesisi ilikuwa sahihi na kipuri hakikuwa sahihi. Ukirudi dukani unakutana na sharti kwamba kipuri kilichotolewa kwenye boksi na kujaribiwa hakipokelewi. Sharti hilo lina maana pale mteja anapochagua mwenyewe na kukosea. Pale ambapo duka ndilo lililochagua, kumtwisha mteja hasara si haki, na hii ndiyo lawama yangu kubwa upande wa huduma.

Anayeumia zaidi hapo si mwenye gereji. Dereva wa tuktuk ambaye chombo si chake analala na deni la hesabu ya siku, kwa sababu mwenye chombo hahesabu siku za kungoja beringi kutoka Mombasa. Hapo zamani alitoka gereji saa nne asubuhi na kabla ya adhuhuri amerudi barabarani. Sasa, kipuri kikiwa cha kuagizwa, siku mbili zimekwenda, na kikija kisichofaa ni nne. Wateja wa kaskazini wako katika hali ngumu zaidi. Fundi wa Mokowe au Hindi, kule Lamu, alikuwa akipiga simu, anaeleza kwa maneno umbo la kitu, msimamizi anamuuliza maswali mawili matatu, na jioni mzigo umo ndani ya basi. Namba hiyo ya simu sasa hupokewa Mombasa na mtu anayeuliza chesisi.

Kwa upande wa yaliyo mema, ni haki niyataje. Kila mauzo sasa yana risiti rasmi ya kodi, jambo ambalo zamani lilihitaji kuombwa. Bei zimebandikwa, kwa hiyo mgeni na mwenyeji wanalipa sawa. Bidhaa zinakuja moja kwa moja kutoka ghala moja, na tangu mpangilio huo uanze sijakuta hapo boksi la kughushi, ilhali miaka ya nyuma mara moja moja plagi na filta feki zilipenya kupitia wauzaji wa mitaani waliokuwa wakiliuzia tawi. Duka ni safi na malipo kwa M-Pesa ni ya haraka. Haya yote yangeweza kufanyika bila kumfukuza mtu hata mmoja, lakini yamefanyika, na yanastahili kusifiwa.

Nilimuuliza meneja, ambaye namheshimu na ambaye najua hakuwa mwenye uamuzi, kwa nini ilibidi iwe hivi. Jibu alilopewa la kutuambia ni kwamba biashara ya vipuri duniani kote inajipanga upya, na kwamba hata makampuni makubwa ya Ulaya yanapunguza watu. Habari hiyo ni ya kweli. Bosch, yenye makao yake karibu na Stuttgart, ilitangaza Septemba 2025 kwamba itaondoa nafasi nyingine zipatazo 13,000 katika kitengo chake cha magari, nyingi zake zikiwa Ujerumani, kufikia mwisho wa 2030. ZF ya Friedrichshafen, ambayo klachi zake za Sachs tunazifunga kwenye malori hapa, ilitangaza Julai 2024 kupunguza nafasi kati ya 11,000 na 14,000 nchini Ujerumani kufikia mwisho wa 2028. Schaeffler, wenye klachi za LuK na beringi za FAG, walitangaza Novemba 2024 kupunguza nafasi 4,700 barani Ulaya. Continental nayo ilitangaza upunguzaji mapema mwaka huo huo wa 2024, na Septemba 2025 ikakitenga kitengo chake cha magari kuwa kampuni nyingine iitwayo Aumovio.

Ila sababu za kule si za hapa, na huu ndio msingi wa hoja yangu kwa kampuni. Makampuni yale yaliwekeza fedha nyingi katika vipuri vya magari ya umeme ambayo soko lake Ulaya halikukua kwa kasi iliyotarajiwa; yanashindana na watengenezaji wa China wanaouza kwa bei ya chini; viwanda vya magari Ulaya vinatoa magari machache kuliko zamani; na gari la umeme lenyewe halina injekta, plagi, filta ya oili wala klachi, kwa hiyo anayezitengeneza anaona kazi yake ikipungua mbele ya macho yake. Nitazame barabara ya Lamu kutoka mlangoni mwa gereji yangu, nione ni lipi kati ya hayo lililofika Malindi. Magari yetu ni ya dizeli na petroli, yanazidi kuzeeka, na gari linapozeeka hudai vipuri zaidi. Kaunta ile haikuwahi kukosa foleni. Kama kampuni ilikuwa na tatizo la fedha, huenda lilikuwa la mikopo, la kodi ya ghala au la akiba iliyolala kwenye rafu, na kila moja lina dawa yake. Ukosefu wa kazi ya kufanya kwenye kaunta ya Malindi haukuwamo.

Vilevile, namna ya kufanya haikufanana. Ujerumani, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 kwa kawaida hutakiwa na sheria ya mwaka 1976 kuwapa wawakilishi wa wafanyakazi nusu ya viti katika bodi yake ya usimamizi, na mwajiri hawezi kufanya mabadiliko makubwa ya aina hii bila kuketi na baraza la wafanyakazi. Ndiyo maana tarehe zinazotajwa ni 2028 na 2030: watu wanastaafu mapema, wengine wanahamishwa, wengine wanakubali malipo ya kuondoka. Sisemi kwamba wafanyakazi wa kule wameridhika, maana wameandamana na wana kila sababu ya kuandamana. Ninachosema ni kwamba anayechukua mfano wa Ujerumani auchukue wote, pamoja na meza ya mazungumzo na miaka ya maandalizi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo, kwa sababu Kenya ina sheria yake, na ni sheria nzuri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa isiyopungua mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji, kwa chama cha wafanyakazi ikiwa mfanyakazi ni mwanachama, au kwa mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi ikiwa si mwanachama, na katika hali zote mbili kwa afisa wa kazi pia. Siku za likizo zilizobaki hulipwa kwa fedha taslimu. Mfanyakazi hupewa notisi ya mwezi mmoja au mshahara wa mwezi mmoja badala yake, na juu ya hayo malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia. Aliyetumikia miaka 12 anastahili mshahara wa siku 180. Mmoja wa walioondoka alinionyesha barua yake na kuniruhusu nieleze yaliyomo. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa Jumatatu, na siku ya mwisho ya kazi iliyotajwa ilikuwa Ijumaa ya wiki hiyo hiyo. Mshahara wa mwezi badala ya notisi alilipwa. Taarifa ya nia ya kupunguza, ambayo sheria imeiweka katika aya tofauti na ile ya notisi, hakuiona, na hesabu ya siku zake za likizo bado inabishaniwa.

Kifungu hicho hicho kinaeleza pia jinsi ya kuchagua atakayeondoka. Mwajiri anatakiwa kuzingatia urefu wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mfanyakazi katika kundi linalopunguzwa. Naomba wakurugenzi wa kampuni hii wasome maneno hayo wakiwa wafanyabiashara, hata kabla ya kuyasoma wakiwa washtakiwa watarajiwa. Kilichofanyika Malindi ni kinyume chake: waliondolewa wenye mishahara mikubwa, na wenye mishahara mikubwa walikuwa ndio wa siku nyingi, na wa siku nyingi ndio waliokuwa wakijua kutambua vipuri. Kama kipimo cha sheria kingefuatwa kwa moyo mmoja, hata baada ya kupunguza watu watano au sita, mzee wa beringi angekuwa bado amesimama pale na vernia yake, kijana akiwa pembeni yake anajifunza, na mimi ningekuwa naandika tathmini ya aina nyingine. Haki ya mfanyakazi na masilahi ya mteja hapa vilikuwa kitu kimoja, na kampuni ilivikosa vyote kwa uamuzi mmoja.

Kwa walioathirika, nao wako wasomaji wa mji huu wanaowafahamu, niseme kwamba milango haijafungwa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inaketi Malindi, madai ya aina hii yana muda wa miaka 3 tangu kuachishwa, na mahakama ikiona kwamba mtu aliachishwa isivyo haki inaweza kuamuru fidia isiyozidi mshahara wa miezi 12. Kabla ya kufika huko, afisa wa kazi anaweza kuzikutanisha pande mbili, na ninaamini suluhu ya mezani ingeifaa kampuni kuliko mtu yeyote.

Ujuzi nao haukupotea, umehama. Bwana wa Toyota amekodi chumba kidogo karibu na gereji za Barani, hana akiba ya maana, lakini mafundi wanampelekea kipande cha zamani, anakitambua, anaandika namba kwenye karatasi, na kwa kazi hiyo wanamlipa kidogo. Wengine wakishapata namba hununua kwa washindani, kwa sababu chumba cha bwana huyo kiko karibu zaidi na maduka yao. Mimi hununua dukani bado, kwa ajili ya ubora wa bidhaa, lakini sikanyagi kaunta bila karatasi yake. Kwa maneno mengine, huduma iliyokuwa ndani ya bei ya kipuri sasa nailipia pembeni, na kampuni haipati hata senti ya fedha hiyo. Mzee wa beringi amerudi kwao upande wa Mambrui na sijasikia kwamba anataka kazi tena. Hilo linanisikitisha kuliko mengine yote, kwa sababu hakuna aliyeketi naye kuandika anayoyajua.

Ninachoiomba kampuni ni kidogo na kinawezekana. Iwarudishe wawili kati ya walioondoka, hata kwa mkataba wa muda, wakae kaunta na vijana waliopo hadi vijana hao waweze kusimama wenyewe. Inunue vernia, ambayo bei yake haifikii faida ya klachi moja. Ilegeze sharti la kurudisha pale ambapo risiti inaonyesha kwamba chaguo lilikuwa la duka. Irudishe Malindi akiba ya bolijointi, brekipedi na beringi za magari yanayobeba abiria, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu vinavyolaza gari. Na iwalipe walioondoka kila wanachoidai bila kungoja kuburutwa mahakamani.

Kwa sasa duka hili nalipatia nyota mbili kati ya tano, zote mbili kwa ajili ya bidhaa. Kama unakwenda hapo, nunua bila wasiwasi filta, plagi, mikanda na oili, kwa kuwa ni halisi na bei yake ni nzuri. Kwa klachi, bolijointi, shokomzoba na kitu chochote cha breki, fika na kipande cha zamani mkononi pamoja na namba yake iliyothibitishwa na fundi anayelijua gari lako, usitegemee chesisi peke yake, na uombe boksi lifunguliwe mbele yako ili ulinganishe kabla ya kulipa. Vijana wa kaunta hawakatai ukiwaomba kwa ustaarabu. Agizo la Mombasa lipeleke kabla ya saa tisa alasiri. Chukua risiti, na mwombe keshia aandike juu yake kwamba kipuri kimechaguliwa na duka, maana nimeona mara moja maandishi hayo yakimrudishia mteja fedha zake.